Mwisho wa Reli, Mwanzo wa Barabara

Kigoma tumeibandika jina la mwisho wa reli, na jina hilo limewafanya wengi waione kama ukuta. Mgeni anashuka stesheni, anatazama ziwa, anakula mgebuka wa kukaanga, anapiga picha, halafu anauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Mimi niliipanga safari yangu kinyume. Kigoma iwe kambi, na kutoka hapo nichomoke kwenda kila upande: mashariki kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza, kaskazini kwenye vilima vya Manyovu na Kasulu, majini hadi hifadhi ya sokwe ya Gombe, na kusini kuelekea Mpanda. Kambi yenyewe nikaiweka Ujiji, kilomita nane hivi kutoka Kigoma mjini, kwa kuwa mji huo ulikuwa ukipanga safari za watu kabla hata wazo la reli halijazaliwa.

Katikati ya karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora, ikavuka mto Malagarasi na kutua Ujiji. Hapa wapagazi walilipwa na wengine wakaandikwa, chakula kilinunuliwa, mitumbwi ilikodiwa, na wakubwa kwa wadogo walikaa kungoja ziwa litulie ndipo wavuke kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walifika Februari 1858. Livingstone aliingia kwa mara ya kwanza Machi 1869, miaka miwili na ushei kabla Stanley hajamkuta papo hapo mwaka 1871. Wote hao walikuta mji unaojiendesha: Wajiji wenyeji, watu wa Manyema waliovuka kutoka ng'ambo, na Waswahili na Waarabu wa pwani chini ya Mwinyi Kheri. Baadaye akaja Rumaliza, mfanyabiashara aliyetawala sehemu kubwa ya mwambao mpaka wakoloni wa Kizungu walipomng'oa. Bidhaa zilikuwa pembe za ndovu, chumvi, mawese, nguo na shanga. Bidhaa nyingine ilikuwa binadamu, na hilo halisemwi kwa kunong'ona. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia nzima ya Ujiji hadi Bagamoyo katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia kule UNESCO, na njia hiyo huanzia kwenye vumbi hili la Ujiji.

Nilifika kwa daladala, nikapata gesti yenye ua wa mwembe na mapipa ya maji. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, amejifunga kitenge cha Kongo, anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja kwa shughuli au kutembea?"

"Kutembea, mama. Nataka kuuzunguka mkoa nikiwa nalala hapa hapa."

Akaweka ungo chini. "Basi tarehe zako kaa nazo. Nitajie unakokwenda, nikwambie saa."

Na akanitajia. Mabasi ya mbali yanaondoka alfajiri, aliyechelewa anayaona kwa nyuma. Michomoko, zile gari ndogo za abiria, haina saa, inaondoka ikijaa. Boti za kwenda vijiji vya kaskazini zinaondoka Kibirizi mchana na kurudi asubuhi mapema, kwa hiyo anayezipanda ajue kwamba atalala aendako. Dagaa wabichi usiwatafute mbalamwezi ikiwa kali, maana wavuvi huvua kwa taa na taa haina kazi mwezi ukiwa mpevu. Niliyaandika yote. Ratiba niliyokuja nayo kutoka nyumbani ilikuwa imepangwa kwa siku za juma. Hii ya mama ilipangwa kwa mwezi, upepo na mafuta ya dizeli, nami niliifuata hiyo mpaka mwisho.

Safari ya kwanza haikuhitaji nauli. Niliitembea Ujiji yenyewe kwa miguu, kutoka sokoni hadi kwenye jumba la makumbusho la Livingstone. Pale kuna mnara wa mawe na miembe, na mlinzi wa mahali anawaeleza wageni kwamba miembe ya leo imetokana na ule wa zamani ambao chini yake Stanley na Livingstone walikutana. Ndani kuna picha za msafara wa watumwa na sanamu za wale wazungu wawili wakivua kofia. Wageni wengi huishia kwenye sanamu. Mimi lililonikamata ni umbali. Vitabu vya wakati ule vinaiweka Ujiji kando ya maji, lakini kutoka kwenye mnara mpaka ziwani ni mwendo wa kutosha wa kutokwa jasho.

Sababu ni ziwa lenyewe. Tanganyika lina tundu moja tu la kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Mpelelezi Cameron alipoupata mto huo mwaka 1874, mdomo wake ulikuwa umezibwa na matope na matete, na maji ya ziwa yalikuwa yakipanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1878 hivi yakafurika, yakalisomba lile zibo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ufukwe wa Ujiji ukarudi nyuma, mji ukabaki bara. Wajerumani walipotaka bandari ya meli kubwa, maji mafupi ya Ujiji hayakuwafaa. Wakachagua ghuba ya Kigoma, yenye kina karibu na nchi kavu, na reli ikafika huko mwanzoni mwa 1914. Ujiji haikuuawa na vita wala njaa. Maji yaliihama. Na miaka ya karibuni maji hayo yamerudi kupanda: kuanzia Bujumbura hadi mwambao wa Kigoma, nyumba na magati yameingiliwa. Kwa hiyo anayepanga safari ya ziwani aulize kwanza gati lipo wapi mwaka huu, asitegemee picha ya zamani.

Uvinza niliiendea kwa barabara. Ni kilomita mia moja na ushei kutoka Kigoma. Unapita Simbo, unafika njia panda ya Kidahwe, ambako anayekwenda Kasulu anakata kushoto, na sisi wa Uvinza tukaendelea kwenye lami. Pale Simbo gari lilisimama kupakia abiria, nami nikashuka kutazama kando ya barabara vijana wawili wakikamua mawese. Machikichi yalikuwa yamechemshwa kwenye pipa mpaka yakalainika, yakamiminwa ndani ya mashine ya chuma yenye mti mrefu juu yake. Vijana waliushika mti ule, mmoja huku na mwingine kule, wakawa wanaizunguka mashine kwa hatua fupi, miguu imezama kwenye makapi. Chini ya mashine kulikuwa na kopo lililokatwa, na humo mafuta yalitiririka yakiwa mekundu na mazito, yana nyuzi na povu. Dada mmoja aliyachota kwa kikombe, akayarudisha motoni kwenye sufuria nyingine ili maji yatoke, kisha akayachuja kwenye dumu la lita ishirini. Alipomaliza alifuta mdomo wa dumu kwa kidole, akakipaka kwenye kisigino chake kilichopasuka.

"Halipotei hata tone," akaniambia.

Mwaka 2018 serikali ilianzisha kampeni ya kuufanya mchikichi zao la taifa la mafuta ya kula, na kituo cha utafiti cha Kihinga, hapa hapa mkoani, kikapewa kazi ya kuzalisha miche bora. Ila kwa jicho la msafiri, lita za mawese barabarani ndizo zinazoonyesha kwamba umeingia Kigoma.

Uvinza haina bahari wala ziwa la magadi, na bado imekuwa ikiilisha Afrika ya kati chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mto Ruchugi unapokaribia kuungana na Malagarasi, ardhi inatoa chemchemi zenye maji ya chumvi kali. Wanaakiolojia Sutton na Roberts walichimba hapo miaka ya 1960 wakakuta matabaka ya vigae na majivu yanayorudi nyuma mpaka karne ya tano au ya sita. Watu walikuja kiangazi kutoka Buha, Unyamwezi, Burundi na ng'ambo ya ziwa, wakapiga kambi, wakachemsha maji kwenye vyungu, wakawalipa ushuru watemi wa Uvinza, wakaondoka na mizigo mabegani. Mvua ikianza, mto hufunika chemchemi na kazi inakwisha. Huo ndio ulikuwa msimu wa kusafiri wa eneo zima. Kiangazi kilifungua njia, na chumvi iliwapa watu sababu ya kuzipita.

Chumvi ya Uvinza bado inatoka, siku hizi kwa pampu na majaruba ya kukaushia. Misitu ya miombo ya jirani ina kumbukumbu ya zama za kuni, maana kuchemsha maji mpaka yabaki mawe meupe kulimeza magogo yasiyohesabika. Sokoni nilinunua mfuko mdogo wa chumvi ya mawe. Muuzaji, mzee mwenye baraghashia iliyofifia, alinitaka nionje kabla ya kulipa. Ilikuwa kali kuliko ya pakiti, na ilibaki ulimini muda mrefu.

"Ya baharini mnaikoboa," akasema. "Hii tunaila ilivyo."

Uvinza ndipo Stanley alipoona cha moto mwaka 1871. Kuvuka Malagarasi kulimgharimu, na alipoingia Buha kila mkuu wa eneo alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa doti za nguo. Alipoona vitambaa vinamwishia, aliwatorosha watu wake usiku kupitia maporini hadi akaikwepa nchi hiyo na kuteremka Ujiji. Msafiri wa leo hana haja ya kutoroka. Anachohitaji ni kitambulisho cha taifa mfukoni muda wote, kwa kuwa huu ni mkoa wa mpakani na maofisa wa uhamiaji husimamisha magari na kukagua abiria mmoja mmoja. Nilimwona kijana akishushwa kwa kukosa karatasi, gari likamngoja mpaka ndugu yake akapatikana kwa simu. Abiria wote tulichelewa, na hakuna aliyelalamika. Wamezoea.

Ukiwa na muda, endelea mashariki kutoka Uvinza mpaka Daraja la Kikwete, lililofunguliwa mwaka 2015 juu ya Malagarasi. Mto huo huzaliwa kwenye milima ya mpakani na Burundi, ukapinda kaskazini na mashariki, ukamwaga maji yake kwenye mabwawa makubwa, kisha ukarudi magharibi kuingia ziwani. Mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi yalikuwa ya kwanza nchini kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kabla ya daraja, kwenda Tabora kwa gari wakati wa masika kulikuwa kubahatisha. Sasa ni safari ya kawaida.

Mzunguko wa vilimani ndio niliouona mzuri kuliko yote, na ndio ambao sijasikia ukitajwa na watu wa utalii. Unaondoka Ujiji asubuhi, unapita Mwandiga, unapanda kwenda Kalinzi, unafika Manyovu mpakani na Burundi, kisha hurudi ulikotoka: unafuata barabara ya Buhigwe hadi Kasulu, na kutoka Kasulu unateremka Kidahwe na kuingia Ujiji kwa mlango wa pili. Barabara ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo, kilomita 260, ni mradi uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ndio ulioufanya mzunguko huu uwezekane bila kuvunja gari.

Nusu saa tu baada ya Mwandiga joto la ziwani linakatika. Michikichi inapungua, migomba inaongezeka, na mashamba yanapanda mpaka kwenye vichwa vya vilima. Kalinzi ni nchi ya kahawa. Wakulima wa huku wana chama chao cha ushirika, Kanyovu, na kahawa yao aina ya arabika imeuzwa mpaka Marekani, ikinadiwa pia kwa hadithi ya sokwe, kwa kuwa mashamba haya yako nyuma ya mlima wa Gombe. Kulinda mti wa kivuli kwenye shamba la kahawa la Kalinzi ni kulinda ukingo wa msitu wa Gombe, na mradi wa uhifadhi wa TACARE ulioanza mwaka 1994 ulijengwa juu ya hesabu hiyo: mwanakijiji akipata kipato, shule na maji, hatakuwa na haja ya kukata mti wa mwisho.

Manyovu nilikuta magunia ya maharage, baiskeli zilizobebeshwa ndizi mpaka mwendeshaji haonekani, na watu wanaohama kutoka Kiha kwenda Kirundi na kurudi Kiswahili ndani ya bei moja. Ng'ambo ya kizuizi ni Mugina, Burundi. Anayetaka kuvuka awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na fedha za kubadilisha zisizidi mahitaji. Mimi niliishia kwenye kizuizi, nikanywa chai ya tangawizi kibandani, nikapanda mchomoko wa Kasulu.

Kasulu ni mji wa baridi na upepo, na karibu nao ni Heru, makao ya mojawapo ya tawala kubwa za Buha. Huko alitawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha mababu zake enzi za Waingereza, wakati ambapo wakuu wa wilaya walizoea kuandika barua zao wakidhania kila mwami ni mwanamume. Mama niliyekaa naye garini, mwalimu mstaafu, alimtaja bila kuulizwa tulipopita njia ya Heru Juu.

"Sisi wasichana wa hapa," akasema, "hatukuambiwa kwamba mwanamke hawezi kutawala. Nani angetwambia?"

Kaskazini mashariki ya Kasulu, kwenye njia ya Makere, iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo na baadaye kupokea Warundi. Kambi haitembelewi bila kibali, na si mahali pa kwenda kupiga picha. Lakini ukiwa barabarani utakutana na malori ya chakula na magari ya mashirika, na itakubidi uelewe kwamba kwa mkoa huu neno safari, kwa watu wengi, limekuwa na maana ya kukimbia.

Gombe ni lazima uende kwa maji. Hakuna barabara inayoingia hifadhini, na hilo ndilo lililoiokoa. Kibirizi ni kaskazini ya bandari ya Kigoma, ufukwe wa mchanga wenye boti ndefu za mbao, magunia ya unga wa muhogo, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, na vichanja vya dagaa. Zamani dagaa walimwagwa mchangani, mteja akala nusu dagaa nusu mchanga. Sasa wanaanikwa juu ya vichanja vya wavu, kiunoni kwa mtu, na akina mama hupita katikati wakiwageuza kwa viganja, haraka haraka, kabla kunguru hawajashuka. Siku ya jua kali hukauka kabla ya jioni. Siku ya mawingu huvunda, na bei huporomoka palepale.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwa zima la Tanganyika upande wetu kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Ni hatua iliyokubaliwa na nchi nne zinazolichangia ziwa hili: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Waliokwenda Kigoma miezi ile wakitamani migebuka walikula maharage. Ulizia hilo kabla ya kufunga mkoba.

Boti yetu iliondoka mchana kama mama wa gesti alivyosema, ikakaa mkono wa kulia karibu na nchi kavu, ikishusha abiria kijiji kwa kijiji. Kushoto ziwa lilikuwa pana na la kijani kibichi, na mbali, pale ukungu ulipofumbuka, milima ya Kongo. Kina cha maji haya kinafika mita 1,470. Ni Baikal pekee huko Urusi linalolizidi. Aprili 1965 Che Guevara alivuka usiku kutoka Kigoma kwenda kwenye milima ile ile kupigana, na Novemba akarudi kwa njia hiyo hiyo akiwa ameshindwa. Mei 2015 ziwa lilileta watu upande huu: makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji karibu na mpaka, kipindupindu kikawapata, na meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma.

Gombe nililala, kwa kuwa boti ya kurudi haikuwepo mpaka asubuhi. Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1968, ni ndogo: mabonde membamba yanayoteremka kutoka mlimani hadi ziwani. Mtafiti Jane Goodall alishuka hapa Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26. Kabla ya mwaka kwisha alimwona sokwe akichokonoa kichuguu kwa unyasi na kula mchwa, na jambo hilo likawalazimisha wataalamu kuufikiria upya mpaka waliouchora kati ya binadamu na mnyama. Alifariki Oktoba 2025. Asubuhi mwongozaji alinipeleka Kasekela, tukapanda kimya, tukakuta familia ya sokwe chini ya mti wakichambuana manyoya. Jike mmoja alikuwa amelala chali, mkono umewekwa juu ya paji la uso, na mtoto wake alikuwa akipanda tumbo lake na kuteleza, akipanda na kuteleza. Tulikaa mbali kama sheria inavyotaka, barakoa usoni, maana mafua yetu yanawaua.

Kusini ndiko safari zinakokuwa ndefu. Ukitaka Mahale, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1985, ambako Toshisada Nishida na wenzake kutoka Japani walianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1965, una njia mbili: boti, au barabara ya Simbo, Ilagala hadi Kalya, inayokutana na mto Malagarasi karibu na mdomo wake. Hata ukifika kwa gari, ndani ya Mahale unatembea kwa miguu.

Zamani watu walikwenda huko kwa Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikasafirishwa kwa meli, kwa reli na kwa vichwa vya watu, ikaungwa upya Kigoma na kuingizwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, wakiwa wamepaka mitambo grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilikwenda mpaka Mpulungu, Zambia, ikisimama katikati ya maji na kuzungukwa na mitumbwi ya kupokea abiria na magunia. Imekuwa kwenye matengenezo makubwa. Kabla ya kuitia kwenye ratiba yako, hakikisha bandarini kwamba inatembea.

Mimi nilichagua Mpanda. Kutoka Uvinza barabara inaingia misitu ya miombo na kupita Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu. Abiria mwenzangu, bwana mwenye mizinga ya nyuki juu ya keria, alizaliwa Mishamo.

"Kwetu ni hapa," alisema. "Kule ni kwa baba."

Mpanda kuna tawi la reli ambalo Waingereza walilijenga kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, linalokwenda kuungana na Reli ya Kati pale Kaliua. Mbele ya Mpanda ni hifadhi ya Katavi na viboko wake wa Sitalike, wanaoonekana ukiwa darajani bila tiketi, na mbele zaidi ni Majimoto ya Mpimbwe, ambako chemchemi za maji ya moto ndizo zilizoupa mji jina. Msafiri mwenye subira anaweza kulifanya duara la kusini hivi: Ujiji, Uvinza, Mpanda kwa barabara, kisha Kaliua na kurudi Kigoma kwa treni.

Kwa anayetaka kuifuata njia hii, ushauri wangu ni huu. Nenda kati ya Juni na Septemba, barabara zikiwa kavu, ingawa miezi hiyo upepo wa kusini huchafua ziwa, basi kwa safari za boti ukae tayari kungoja. Lala Ujiji, maana gesti ni rahisi, wali wa asubuhi upo, na daladala za Kigoma zinapita siku nzima. Anza na mzunguko wa Manyovu na Kasulu ukiwa na nguvu, fuata Uvinza, kisha Gombe, na kusini iwe ya mwisho. Kila baada ya safari moja acha siku tupu, kwa sababu mkoa huu hauna safari isiyochelewa. Beba kitambulisho, noti ndogo ndogo, na namba ya simu ya mwenyeji wako. Na tiketi ya kurudi nyumbani usiikate mapema. Anayekwenda Kigoma kwa siku mbili amelipa nauli ya mkoa mzima akaangalia stesheni.